Sidi Mubarak Bombay: Mkuu wa Askari Katika Misafara ya Njia ya Kigwa

Kigwa, katika Mkoa wa Tabora, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya misafara iliyotoka pwani kabla ya kuingia Unyanyembe. Katika waliopita njia hiyo zaidi ya mara moja yumo Sidi Mubarak Bombay, ambaye utumishi wake unastahili kuangaliwa na kila aliyekabidhiwa dhamana ya kusimamia watu.

Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao yapata mwaka 1820. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa Kilwa, kisha akapelekwa India, ambako alilipata jina lake. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarejea Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walimkuta karibu na Pangani, wakamwajiri. Baadaye alimtumikia tena Speke, kisha Henry Stanley na Verney Cameron.

Akiwa mkuu wa askari, alidaiwa na mwajiri kila mzigo wa nguo na shanga uliopotea na kila mpagazi aliyetoroka. Wakati huohuo, yeye ndiye aliyezijua njaa na miguu iliyovimba ya waliokuwa chini yake. Msafara wa Speke ulipokwama Mgunda Mkali kwa kukosa chakula na wapagazi, Bombay na mwenzake Baraka ndio waliotumwa Kaze, Tabora ya leo, kuomba watu 60 na nafaka.

Mtihani mkubwa ulimfika Oktoba 1871, kando ya mto Gombe, kusini mwa Tabora. Nyama ilikuwa tele kambini, na watu walikwisha kupumzika siku mbili. Asubuhi ya kuondoka walimtuma Bombay kwa Stanley kuomba siku moja zaidi. Alikaripiwa kwa kulileta ombi hilo. Njiani msafara ukagoma, na waongozaji wawili, Asmani na Mabruki, wakamtishia Stanley kwa bunduki. Ghasia zilipotulia, Stanley alimhesabu Bombay kuwa mmoja wa wachochezi, akampiga kwa mpini wa mkuki na kumtia minyororo hadi alipoomba radhi.

Habari hizi tunazo kwa kalamu ya Stanley peke yake, wapagazi hawakuandika. Hata hivyo, kufikisha ombi la watu wake kulikuwa sehemu halali ya wajibu wa Bombay. Upungufu wake ulianza ombi lilipokataliwa: badala ya kuwainua watu, naye aliondoka kwa kinyongo, na wapagazi wakauona uso wake. Cameron naye alilalamikia ulegevu wake na kupenda kwake pombe.

Pamoja na lawama hizo, kila msafiri mpya alimtafuta. Alifika na Stanley Ujiji, na mwaka 1875 akafika na Cameron pwani ya Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimtunukia nishani ya fedha na baadaye kikamwekea pensheni, aliyoipokea hadi alipofariki mwaka 1885.