Saa ya Jung na Mwanafunzi Anayekawia Kujibu

Kila nipitapo karibu na stesheni ya reli ya Nakuru humkumbuka Carl Gustav Jung. Mwaka 1925 daktari huyo Mswisi alisafiri kwa garimoshi kutoka Nairobi kwenda Eldoret, akielekea Mlima Elgon. Njia hiyo huchepuka hapa Nakuru, na reli ilikuwa imefika Eldoret mwaka mmoja tu kabla yake.

Jung alizaliwa mwaka 1875 kijijini Kesswil. Mwishoni mwa mwaka 1900 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zürich. Huko alijaribu kuzipima kwa hesabu nia zilizofichika moyoni, ambazo hata mwenyewe hazijui. Alimtamkia mtu maneno mia moja, moja baada ya jingine, naye akatakiwa kujibu kwa neno la kwanza limjialo. Kwa saa mkononi, Jung aliandika muda wa kila jibu, kisha akaulinganisha na kadiri ya kawaida ya mtu yule yule. Maneno yaliyokawiza jibu hayakuwa lazima magumu. Mara nyingi yaligusa hofu, aibu au jeraha. Alipoyakusanya, aliona fundo la hisia linalomwendesha mtu pasipo yeye kufahamu.

Kule Elgon aliwauliza wazee habari za ndoto, kwa Kiswahili cha kubahatisha na kamusi. Mtabiri mmoja alimweleza kwa majonzi kwamba tangu Waingereza waje ndoto zimekoma, maana sasa Bwana Disii ndiye ajuaye yote. Jung aliwadhania Waafrika kuwa watu wa enzi za kale. Hapo alikosea, kwani mzee yule alikuwa akizungumzia utawala wa siku zile zile.

Nami nilikosea. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za Januari mjini Nakuru, nilimtaka msichana mmoja darasani atunge sentensi kwa neno nyumba. Alinyamaza. Nikamkaripia, nikidhani ni uzembe. Baadaye nilijua kwamba nyumba yao ilikuwa imechomwa.

Jung alifariki mwaka 1961. Saa yake ilionyesha kwamba kuna jeraha, lakini haikusema ni lipi. Sharti mtu aulizwe kwa upole. Walimu wenzangu, mwanafunzi akikawia, tusiharakishe kumwita mjinga.