Mwalimu Nyerere na askari wa damu

Kila Oktoba 14 inapokaribia, wapo wasikilizaji wanaotuuliza: Mwalimu aliugua nini hasa? Wengine wana majibu yao ya vijiweni, na hayo hatuyarudii hapa.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Siku hiyo mvua ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alichunga mifugo hadi miaka 12, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma. Tabora, Makerere, Edinburgh, TANU, Uhuru na urais hadi 1985 tumevisimulia sana hewani, leo tunavipita.

Alirudi Butiama akalima, lakini hakupumzika. Alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi mwaka 1998, madaktari walipomgundua kuwa na saratani ya damu. Aliendelea na kazi. Septemba 1999 alilazwa hospitali ya St Thomas', London, na huko akafariki Oktoba 14 akiwa na miaka 77. Amezikwa kwao Butiama.

Saratani yake ilikuwa ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Hizo ndizo askari wa mwili. Ugonjwa huu ukiingia, askari wa kikosi kimoja huongezeka ovyo na hawafi kwa wakati wake. Wanajaa kwenye damu na kwenye uboho wa mifupa, lakini hawapigani. Kambi imejaa, adui anapita mlangoni! Ndiyo maana mgonjwa hushambuliwa kirahisi na maradhi mengine. Huwapata zaidi wazee, huenda polepole, na hauambukizwi.

Limfosaiti wa kikosi kingine, wakiwa wazima, wana habari tofauti. Mwaka 2006 mtafiti Jérôme Galon na wenzake wa Paris walieleza walichokiona kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana uliotolewa kwa upasuaji. Walihesabu askari waliokuwa katikati ya uvimbe na pembezoni mwake. Wagonjwa waliokuwa na askari wengi humo, saratani yao ilirudi mara chache zaidi. Mwaka 2018 hesabu hiyo ilithibitishwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,600 kutoka nchi 13. Askari aliyeingia ndani ya uvimbe maana yake mwili umekwisha kumtambua adui, na huendelea kumwinda hata baada ya kisu cha daktari. Bado madaktari huangalia kwanza ugonjwa umesambaa kiasi gani. Hesabu hii huongezewa hapo.

Kwetu kando ya ziwa kuna tatizo lake. Mtu wa Musoma au Bunda akiona damu kwenye choo kikubwa husema ni kichocho, au bawasiri, akanywa dawa na kunyamaza. Mara nyingi huwa kweli ni hivyo. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo huanza na damu hiyo hiyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Damu ikiendelea baada ya dawa, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa na mwili kupungua, daktari huingiza kamera nyembamba kupitia njia ya haja kubwa na kukata kinyama kidogo cha kupima. Kama ni saratani, majibu ya kinyama hicho husaidia kuonyesha njia ya matibabu.