Robert Koch na Homa ya Papasi

Bila shaka umepata kumwona kupe juu ya ngozi ya ng'ombe, mbuzi au mbwa. Hujishikiza hapo, akafyonza damu kwa siku kadhaa, akavimba, kisha akaanguka. Kupe huyo ana ndugu yake aitwaye papasi. Papasi hakai juu ya mnyama. Hukaa katika nyufa za kuta na katika vumbi la sakafu ya udongo, hasa katika nyumba kuukuu. Usiku, watu wanapolala, hutoka mafichoni, huwauma na kufyonza damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi kujificha. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila chakula, akingoja.

Papasi akikuuma huenda usimsikie. Lakini baada ya siku kadhaa unaweza kushikwa na homa kali, pamoja na maumivu ya kichwa na ya viungo. Homa hiyo hupoa baada ya siku chache, ukadhani umepona, kisha hurudi. Hupoa tena, na kurudi tena. Huo ndio ugonjwa uitwao homa ya papasi.

Katika sura hii utasoma maisha ya mtaalamu mmoja aliyeuchunguza ugonjwa huu hapa hapa nchini petu. Usisome ili ukariri majina na miaka tu. Angalia sana maswali aliyojiuliza, kwa maana maswali hayo hukusaidia wewe pia kujikinga.

Utoto na masomo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Mji huo uko milimani, na wakati ule watu wake wengi waliishi kwa kazi ya kuchimba madini. Baba yake naye alifanya kazi katika migodi, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa 13. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano, Robert aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaarifu kuwa amejifunza kusoma peke yake kwa kutumia magazeti. Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 alihitimu masomo ya udaktari.

Hadubini na ugonjwa wa kimeta

Mwaka 1872 Koch alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara kubwa, wala hakuwa na wataalamu wenzake wa kushauriana nao. Alikuwa na hadubini aliyopewa na mkewe, na alifanyia uchunguzi wake nyumbani baada ya kuwatibu wagonjwa.

Katika wilaya hiyo ugonjwa wa kimeta uliwaua ng'ombe na kondoo wengi. Koch alipotazama damu ya wanyama waliokufa, aliona vijidudu vyembamba mfano wa vijiti. Wataalamu wengine walikuwa wameviona kabla yake. Lakini kuona si kuthibitisha. Je, vijidudu hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au vilikuwamo tu?

Ili kupata jibu, Koch alichukua kijiti safi, akakichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akakiingiza chini ya ngozi ya panya mdogo. Panya huyo alikufa. Panya wengine aliwatia damu ya wanyama wazima. Hao hawakupata kimeta. Kisha akavikuza vijidudu nje ya mwili wa mnyama, akaona kwamba mambo yanapokuwa magumu, kijidudu cha kimeta hujifanyia ganda gumu. Kikiwa ndani ya ganda hilo huweza kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Hapo alielewa kwa nini ng'ombe wazima waliolishwa katika malisho fulani waliugua, ingawa hapakuwa na ng'ombe mgonjwa karibu nao. Habari hizo alizitangaza mwaka 1876.

Zingatia swali alilolijibu hapo: kijidudu hukaa wapi wakati ambapo hakuna anayeumwa? Swali hilo tutalirudia.

Umaarufu wake na makosa yake

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kuwa amekigundua kijidudu kinacholeta kifua kikuu, ugonjwa ulioua watu wengi mno katika nchi nyingi. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na Bara Hindi, akachunguza kijidudu cha kipindupindu. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Hata hivyo usidhani kwamba mtaalamu mashuhuri hakosei. Mwaka 1890 Koch alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wengi walimiminika Berlin, lakini dawa hiyo haikuwaponya. Ndiyo maana katika sayansi hatukubali neno kwa sababu ya ukubwa wa aliyelisema. Twataka lithibitishwe.

Koch katika Afrika ya Mashariki

Mwaka 1893 wataalamu wawili wa Marekani, Theobald Smith na F. L. Kilborne, walionyesha kwamba homa moja ya ng'ombe huenezwa na kupe. Tangu hapo wataalamu walianza kuwatazama kupe kwa makini zaidi.

Koch alifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1897, wakati Tanzania Bara ilipokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka 1898 alieleza habari za tauni huko Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, ambako panya walikufa kwanza, kisha watu wakaugua. Alirudi tena mwaka 1905. Safari hii alichunguza homa iliyowashika wasafiri waliofuata njia za misafara kutoka pwani kwenda bara.

Njiani palikuwa na kambi zenye vibanda vya kulala. Kila usiku wapagazi na wasafiri walijilaza humo, na kesho yake wengine wakaja kulala pale pale. Koch alichimba vumbi la sakafu za vibanda hivyo, akawapata papasi. Alipowapasua na kuwatazama kwa hadubini, katika baadhi yao aliona vijidudu vyembamba vilivyopindapinda kama waya uliosokotwa. Vilifanana na vile vilivyoonekana katika damu ya wagonjwa.

Sasa akarudi kwenye swali lake la zamani. Vijidudu hukaa wapi wakati kambi ni tupu na hakuna mgonjwa? Koch alitazama mayai ya papasi, akaviona vijidudu humo pia. Akawaacha papasi wachanga waanguliwe, akawaweka juu ya tumbili wazima. Tumbili hao wakaugua. Basi papasi mama huwarithisha watoto wake vijidudu, nao watoto huweza kuambukiza hata kama hawajapata kumfyonza mgonjwa. Kibanda kinaweza kukaa kitupu muda mrefu, na bado kikawa na hatari.

Koch hakuwa peke yake katika kazi hii. Mwaka 1904, huko Uganda, madaktari Ross na Milne walionyesha kuwa papasi hueneza homa hiyo. Huko Kongo, Joseph Dutton na mwenzake John Todd walichunguza jambo lile lile. Wote wawili waliambukizwa. Todd alipona, lakini Dutton alifariki mwezi Februari 1905 akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa ya papasi kimepewa jina lake.

Ushauri wa Koch ulikuwa mwepesi. Msafiri asilale ndani ya vibanda vya kambi za zamani. Alale kando, mahali ambapo papasi hawajafanya maskani. Vilevile aliona kwamba wenyeji waliokwisha kuumwa na papasi tangu utotoni hawakuugua sana kama wageni.

Mwaka 1906 na 1907 Koch alikuwa katika Visiwa vya Ssese, Uganda, akichunguza ugonjwa wa malale. Huko aliwapa wagonjwa dawa yenye sumu, na baadhi yao wakapofuka. Jambo hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, na haifai kulificha. Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, Ujerumani.

Ndugu wa kijidudu hicho

Miaka mingi baada ya kifo cha Koch, katika miaka ya 1970, watoto wengi wa mji wa Lyme na vitongoji vyake, huko Marekani, walipata uvimbe na maumivu ya magoti. Ugonjwa huo ukaitwa ugonjwa wa Lyme. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kuwa wamekipata kijidudu chake ndani ya kupe wa porini. Nacho kimepindapinda kama waya, kwa kuwa ni ndugu wa kijidudu cha homa ya papasi.

Lakini tazama tofauti yao. Kupe wa Lyme hawarithishi watoto wao kijidudu hicho. Kupe mchanga huanguliwa akiwa safi. Hukipata kijidudu anapofyonza damu ya panya wa porini aliye nacho. Kisha, akiwa amekua kidogo, humuuma mtu na kumwambukiza. Basi huko ghala ya vijidudu ni panya. Kwa sababu hiyo watu hufyeka vichaka na kuondoa majani makavu karibu na nyumba, huvaa nguo ndefu wanapokwenda msituni, na hujikagua mwili wanaporudi. Wengine huweka pamba iliyotiwa dawa ya kuua kupe ndani ya mirija na kuitega vichakani. Panya huichukua pamba hiyo akatandika kiota chake, na kupe walio mwilini mwake hufa. Panya mwenyewe hadhuriki.

Umeona? Magonjwa haya mawili ni ndugu, lakini kinga zake si moja. Mnyororo wa ugonjwa una pingu nyingi: kijidudu, mnyama, kupe na mtu. Anayetaka kuukata lazima kwanza ajue kijidudu kimejificha katika pingu ipi.

Namna ya kujikinga na homa ya papasi

Kwa kuwa papasi mwenyewe ni ghala ya vijidudu, tunapaswa kumnyima maficho. Fuata mambo haya:

1. Zibeni nyufa zote za kuta na sakafu. Sakafu ya saruji ni bora zaidi, kwani papasi hapati vumbi la kujificha.
2. Usilale chini. Lala kitandani, na kitanda kisiguse ukuta. Tumia chandarua, ukichomeke chini ya godoro.
3. Kuku na nguruwe wasilale ndani ya nyumba ya watu. Watafiti wa karne hii wamekuta alama za vijidudu hivyo katika damu ya kuku na nguruwe wa vijiji vya Tanzania.
4. Ukishikwa na homa, nenda zahanati upimwe damu. Homa hii hudhaniwa mara nyingi kuwa malaria, lakini dawa yake ni nyingine. Wajawazito na watoto wachanga wasicheleweshwe, maana huweza kuwaua.

Maswali

1. Papasi hutofautianaje na kupe wa ng'ombe katika makazi yake na katika namna anavyofyonza damu?
2. Kwa nini Koch aliwatia panya wengine damu ya wanyama wazima?
3. Kibanda kilichokaa kitupu kwa mwaka mzima kinawezaje kumwambukiza mtu homa ya papasi?
4. Kwa nini kutega pamba yenye dawa kwa ajili ya panya wa porini hakutoshi kuzuia homa ya papasi?
5. Ikagueni nyumba moja ya kijijini kwenu, kwa idhini ya mwenyewe. Andikeni mahali ambapo papasi angeweza kujificha, na jinsi ya kuparekebisha.