Peter Cameron Scott: Kijana aliyeaga nyumba ya wazazi Philadelphia, akazikwa Nzaui

Msafiri atokaye Emali kuelekea Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, huuona mlima Nzaui mapema, kabla hajaziona nyumba zilizo chini yake. Upande mmoja wa mlima huo ni jabali lililokatika wima mithili ya ukuta. Masimulizi ya Wakamba yanasema kuwa ni juu ya mwamba wa Nzaui ndipo Mulungu alipowashusha watu wa kwanza pamoja na mifugo yao, nao wakaacha nyayo zao katika jiwe. Mahali hapo, kwa hivyo, palikuwa na heshima yake zamani sana kabla ya mgeni yeyote kupiga hema. Chini ya mlima huo, mwishoni mwa mwaka wa 1895, alifika Mskoti wa miaka 28 akiongoza kundi dogo la wamisheni. Mwaka mmoja baadaye alikuwa kaburini.

Jina lake ni Peter Cameron Scott. Waumini wa Africa Inland Church wanamtambua kuwa ndiye mwanzilishi wa misheni iliyolizaa kanisa lao, na wakazi wa Machakos wanalijua jina hilo kwa sababu ya chuo kilichopewa jina lake. Asilosimuliwa sana ni jinsi kijana huyo alivyotoka nyumbani kwao mara ya kwanza, na gharama ambayo nyumba hiyo ililipa baadaye.

Scott alizaliwa jijini Glasgow, Machi 7, 1867, katika familia iliyomcha Mungu na isiyokuwa na mali ya kujivunia. Mwaka wa 1879, akiwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walifunga virago, wakavuka bahari ya Atlantiki na kuhamia Philadelphia, Marekani, kama walivyofanya maelfu ya Waskoti wa wakati huo waliokuwa wakitafuta riziki. Kwa hivyo alikulia ugenini. Ni katika nyumba hiyo ya ughaibuni alikofunzwa Biblia, na ndiko pia ilikogunduliwa kwamba alikuwa na sauti ya kipekee.

Sauti hiyo nusura imfanye mtu mwingine kabisa. Alifunzwa uimbaji, na waliomsikia walimwona akiwa jukwaani katika majumba ya opera. Wazazi wake hawakupendezwa na njozi hiyo. Kwao, jukwaa lilikuwa mahali pa kumpoteza kijana. Inasimuliwa kwamba siku moja alikwenda hadi kwenye ngazi za jumba la opera la mji huo ili aombe nafasi katika kwaya, akasimama pale akijiuliza kama angetaka kuishi kwa ajili ya sifa zake mwenyewe au kwa ajili ya Mungu, kisha akageuka akarudi alikotoka. Masimulizi ya aina hii hupambwa kadiri yanavyorudiwa, na mwandishi wa makala haya hana haja ya kuyaapia. Lililo wazi ni kwamba kijana huyo aliacha uimbaji wa jukwaani na kuamua kusomea kazi ya Injili.

Chuo alichokiendea kilikuwa New York. Kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880 na mhubiri Albert Benjamin Simpson, kwa shabaha ya kuwapa mafunzo ya haraka vijana ambao hawakuwa na fedha wala muda wa kukaa miaka mingi katika vyuo vikuu vya theolojia. Hapo mwanafunzi hakuandaliwa kuwa mwanazuoni. Alisoma Biblia, akajizoeza kuhubiri mitaani, kisha akapelekwa ng'ambo. Mwendo wa kutoka Philadelphia hadi New York si mrefu, kilomita 150 hivi, na hata enzi hizo gari la moshi liliumaliza katika saa chache. Hata hivyo, kwa familia ya Scott safari hiyo haikuwa na marejeo ya kweli. Wazazi waliomkataza mwana wao jukwaa kwa kuhofia kumpoteza sasa walimpa ruhusa ya kwenda chuoni, na chuo hicho kilikuwa kikiwapeleka wanafunzi wake mahali ambapo wengi hawakurudi.

Mnamo Novemba 1890 alibarikiwa kuwa mhudumu wa Injili na mara akapanda meli kuelekea Kongo, iliyokuwa wakati huo mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Nduguye John akamfuata huko. John hakudumu, alikufa kwa homa katika muda mfupi, na Peter ndiye aliyemtengenezea jeneza na kumchimbia kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Hapakuwa na mwingine wa kumfanyia. Yeye naye alidhoofika hivi kwamba mwaka wa 1892 ilibidi arejeshwe Uingereza akiwa mgonjwa taabani. Mtu mwingine angehesabu hapo kuwa ametimiza wajibu wake.

Alipokuwa akipata nafuu, alikwenda London katika kanisa kuu la Westminster, ambako mwili wa David Livingstone ulizikwa mwaka wa 1874. Juu ya jiwe la kaburi hilo pamechongwa maneno ya Injili ya Yohana yahusuyo kondoo walio nje ya zizi. Scott alipiga magoti hapo, na akainuka na mpango: mlolongo wa vituo vya misheni utakaoanzia Mombasa, upenye bara hadi Ziwa Chad, sehemu ambazo wamisheni waliobaki pwani hawakuwa wamezigusa.

Mpango huo ulikuwa mkubwa kuliko mfuko wake, maana hakuwa na mfuko wowote. Alirudi Philadelphia, akawashawishi marafiki wachache, na mwaka wa 1895 likaundwa baraza la kuisaidia misheni mpya iliyoitwa Africa Inland Mission. Mmoja wa waliomuunga mkono alikuwa Charles Hurlburt, mkuu wa taasisi ya Biblia ya Pennsylvania. Kanuni yao ilikuwa kwamba mahitaji yangepelekwa kwa Mungu kwa maombi, si kwa watu kwa kuomba michango. Agosti 17, 1895, kundi la kwanza likang'oa nanga kutoka New York. Walikuwa wanane, akiwemo Scott mwenyewe na dada yake, Margaret.

Walifika pwani ya Afrika Mashariki mwezi wa Oktoba. Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake hapa katikati ya mwaka huo huo, na reli haikuwa imeanza kutandazwa. Reli ya kwanza ililazwa Mombasa mwaka uliofuata. Pwani yenyewe ilikuwa katika ghasia kwani Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa akipigana na Waingereza. Njia ya kufika Ukambani ilikuwa miguu, wapagazi na ukame wa Taru, zaidi ya kilomita 300.

Ni vyema kukumbusha kwamba Scott hakuwa wa kwanza. Johann Ludwig Krapf, mmisheni Mjerumani, alifika Kitui mwaka wa 1849 akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu, na ni akiwa Kitui ndipo alipouona Mlima Kenya. Urafiki huo ulikatika mwaka wa 1851 Kivoi alipouawa safarini karibu na mto Tana. Mapema katika miaka ya 1890 Walutheri wa Ujerumani walikuwa wamefungua kituo Ikutha, kusini mwa Kitui. Huko Kibwezi, nako, Waskoti wenzake Scott walikuwapo tangu mwaka wa 1891, wakiangamizwa na malaria hadi walipohamia Kikuyu mwaka wa 1898. Habari za Kibwezi zilikuwa wazi kwa yeyote aliyepita njia hiyo. Scott alipita, akaendelea mbele.

Alichagua Nzaui kwa sababu palikuwa na miinuko, maji na watu. Katika muda usiotimia miezi kumi na miwili, misheni ilikuwa na vituo vinne: Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Vitatu vya kwanza viko katika Makueni ya leo, cha nne kiko Machakos. Taarifa za misheni zinasema kwamba katika mwaka huo mmoja Scott alisafiri zaidi ya maili 2,600, sehemu kubwa kwa miguu, akijenga, akikagua, akitibu wagonjwa na kujifunza Kikamba. Atakayeitazama ramani ya milima ya Mbooni na Kilungu ataelewa kwamba hizo hazikuwa maili za bonde tambarare.

Na je, wenyeji? Wakamba walikuwa wakijua wageni wa aina mbili, mfanyabiashara na askari, na hawa wapya hawakuwa wakinunua pembe wala kutoza kodi. Walisikilizwa kwa adabu, wakauziwa chakula, lakini hakukuwa na umati wa walioongoka. Lugha yenyewe ilikuwa ukuta. Willis Hotchkiss, kijana wa madhehebu ya Quaker aliyekuja katika kundi hilo la kwanza, alieleza baadaye kwamba alitafuta kwa miaka miwili na nusu neno la Kikamba la mwokozi. Hatimaye alilipata jioni moja kando ya moto, aliposikiliza kisa cha mtu aliyenusuriwa na mwenzake kutoka kwa mnyama mkali. Miaka miwili na nusu! Scott hakupewa hata nusu ya muda huo.

Mwaka wa 1896 wageni zaidi waliwasili kutoka Marekani na idadi ya wamisheni ikafikia 15. Miongoni mwao walikuwamo baba na mama yake Scott, pamoja na dada yake mdogo. Wazee hao walikuwa wamekwisha kuhama mara moja, kutoka Glasgow kwenda Philadelphia. Mwana mmoja alikuwa amelala katika udongo wa Kongo. Sasa walihama tena, katika umri ambao watu hutafuta kiti cha kuegemea, ili wawe karibu na huyu aliyebaki shambani. Nyumba ambayo kijana aliiaga alipokwenda chuoni ilikuwa imemfuata hadi Ukambani.

Haikumkuta kwa muda mrefu. Mwezi wa Novemba alishikwa na homa ile kali itokanayo na malaria, ambayo huugeuza mkojo kuwa mweusi na ambayo enzi hizo ilimaanisha kifo. Sayansi haikuwa na la kusema. Ni mwaka uliofuata, 1897, ambapo daktari Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mwili wake ulikuwa umechoshwa na mwendo usiokoma na lishe duni. Alifariki Nzaui Desemba 4, 1896, akiwa na umri wa miaka 29.

Haki yatutaka tuseme kwamba haraka yake ilichangia kifo chake na nusura iiue misheni pia. Vituo vinne kwa watu 15 ambao hawakuijua lugha, hawakuijua hali ya hewa na hawakuwa na akiba ya chakula ni hesabu isiyotoka sawa. Baada yake wengine walikufa, wengine wakajiuzulu, hata wakabaki wachache mno. Kisha ikaja njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliipa jina Ngomanisye kwa kuwa ilienea kila mahali, ikiandamana na ndui, miaka michache baada ya sotoka kufyeka ng'ombe. Mara nyingi waandishi wa historia za misheni husimulia misiba ya wamisheni peke yake. Katika vijiji vya Makueni na Kitui waliokufa hawakuandikiwa kumbukumbu, na walikuwa wengi zaidi kwa mbali.

Hotchkiss alitoka na mwaka wa 1902 akawa mmoja wa waanzilishi wa misheni ya Quaker huko Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Hurlburt ndiye aliyeokota kazi iliyoanguka. Alikuwa mkurugenzi tangu mwaka wa 1897, akaja mwenyewe na familia yake mwaka wa 1901, na mwaka wa 1903 akahamishia makao makuu Kijabe, kwenye baridi na karibu na reli. Mwaka wa 1912 misheni iliingia Kongo kutokea upande wa mashariki, nchi ile ile iliyommeza John. Katika Kitui, kituo ambacho Walutheri walikifungua Mulango mwaka wa 1899 kilikuja kuwa mikononi mwa Africa Inland Mission kufuatia Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani walipopoteza nafasi yao hapa.

Urithi huo haukuwa asali tupu. Kwa miongo kadhaa wamisheni walilaumiwa Ukambani kwa kusita kutoa elimu zaidi ya ile ya kusoma Biblia, na kwa kuchelewa kuwakabidhi Waafrika uongozi. Ni manung'uniko ya namna hiyo yaliyochangia kuzaliwa kwa African Brotherhood Church huko Machakos mwaka wa 1945. Africa Inland Church yenyewe ilikabidhiwa kazi yote ya misheni mwaka wa 1971, chini ya Askofu Wellington Mulwa.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1962, kilifunguliwa chuo cha theolojia mjini Machakos na kupewa jina la Scott. Mwaka wa 1997 kilipata hati ya serikali ya kutoa shahada, na baadaye kikawa chuo kikuu. Tofauti na kile cha New York, humo hutolewa shahada, na vijana wa Nzaui, Kilungu na Mulango huweza kuyasoma hayo wakiwa karibu na kwao, na kurudi nyumbani likizo zikifika.