Johannes Rebmann, Shahidi wa Theluji

Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtumishi wa Mungu ambaye vitabu vya shule humtaja kwa ajili ya jambo moja tu, yaani kwamba aliiona theluji ya Kilimanjaro akawaandikia watu wa Ulaya habari zake. Lakini maisha yake yalikuwa na mambo mengi kupita siku ile moja. Na jambo lililompata baada ya kusema aliyoyaona lawafaa sana walimu na wainjilisti wetu, maana alisema kweli, wala hakusadikiwa.

Sisi tukaao Soitsambu na pande zote za Loliondo baridi twaijua. Mwezi wa Juni na Julai upepo huvuma usiku kucha, na wachungaji hujifunika mashuka mawili. Mvua ya mawe nayo si ngeni kwetu. Lakini theluji si mvua ya mawe. Ni maji yaliyoganda angani, yakashuka polepole kama manyoya mepesi ya ndege, yakalala juu ya nchi kimya kimya mpaka njia na mawe vikafunikwa visionekane tena.

Tena sisi tunao mlima wetu wenye weupe. Wachungaji washukao na mifugo kuelekea Ziwa Natron huuona Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, na mara nyingi kilele chake huwa cheupe. Weupe ule si theluji. Mlima ule hutoa ujiuji wa moto wenye magadi, ambao hutoka mweusi, kisha ukipata unyevu hugeuka kuwa mweupe baada ya muda mfupi. Wala kimo chake hakifiki mita 3,000, basi theluji isingeweza kudumu pale. Kwa hiyo mtu akitoka mbali akasema ameona mlima mweupe, ni haki tumwulize amejuaje ya kuwa weupe ule ni theluji. Rebmann aliulizwa neno hilo hilo, naye alikuwa na jibu.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Kanisa la nchi ile ni la Kilutheri, na ndilo lililomlea. Tangu utoto aliijua theluji kama sisi tunavyolijua vumbi la kiangazi. Kila mwaka wakati wa baridi aliikanyaga. Alipokuwa kijana akasoma katika chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa London, akaingia katika utumishi wa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho CMS.

Mwezi wa Juni 1846 akafika Mombasa. Huko alimkuta mwenziwe Ludwig Krapf, naye mtu wa Württemberg, aliyekuwa amekwisha kuwazika mkewe na mtoto wake mchanga mwaka 1844. Hao wawili wakapanda juu penye vilima vya Rabai, katikati ya Wamijikenda, na mwezi wa Agosti 1846 wakaanza kazi huko, hali wote wawili wana homa.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann akatoka Rabai kwenda Uchaga. Hakuwa na msafara mkubwa kama wa wafanya biashara wa pwani. Wapagazi wake hawakuzidi kumi, na yeye mwenyewe hakuchukua silaha ila mwavuli. Kiongozi wake aliitwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara. Wakapita nyika kavu, wakapita milima ya Taita, na asubuhi ya tarehe 11 Mei, yapata saa nne, milima ya Uchaga ikaanza kuonekana waziwazi. Rebmann akatazama, akaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe sana. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja tu la Kiswahili, baridi.

Neno lile lilimtosha Rebmann. Kiongozi yule hakuwa na jina la theluji, lakini alizijua kazi zake. Walipoketi kupumzika, Rebmann akafungua Zaburi kwa zamu aliyokuwa amefikia katika kusoma kwake kwa kila siku. Ilikuwa Zaburi ya 111, isimuliayo ukuu wa matendo ya Bwana. Akaisoma mbele ya mlima ule, nayo ikamwingia moyoni.

Tusifikiri kwamba yeye alikuwa wa kwanza kuijua theluji hiyo. Wamaasai waliuita mlima ule Oldoinyo Oibor, yaani Mlima Mweupe, tangu zamani. Wachaga waliokaa miguuni pake walikiita kile kitu cheupe kibo, tena walijua ya kuwa kikiwekwa motoni hugeuka maji, na ya kuwa mito yao yashuka kutoka huko. Basi jibu la Rebmann lilikuwa na mashahidi watatu: macho yake mwenyewe yaliyoizoea theluji, neno la kiongozi wake, na maarifa ya wenyeji. Magadi ya Lengai hayageuki maji yakitiwa motoni.

Rebmann alisimuliwa pia habari moja ya huzuni. Mangi Rungua wa Machame, aliyetawala zamani kidogo, alitaka kujua weupe ule ni kitu gani. Alitumaini ni fedha. Akachagua watu wengi akawatuma wapande mlima. Katika hao wote alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi, akampa mangi habari za kufa kwa wenzake. Watu wakasema ni pepo wabaya waliowaua.

Sisi leo twajua lililowaua, na ni vema lijulikane katika kila usharika, maana vijana wengi wa nchi yetu hupanda mlima ule kwa kubeba mizigo ya wageni. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, hewa huwa baridi zaidi kwa kadiri ya digrii 6. Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895. Basi mtu aliyetoka chini katika joto, akilala karibu na kilele, yuko penye baridi kama ya Ulaya wakati wa theluji, ijapokuwa ikweta iko karibu. Hewa yenyewe huko juu ni nyembamba. Pumzi moja kileleni humpa mtu nusu tu ya nguvu ampewayo na pumzi moja ya pwani. Kichwa humwuma, hutapika, akili hupotea. Vidole vya mikono na miguu ndivyo viharibikavyo kwanza, hasa nguo zikiwa zimelowa. Na jua likiipiga theluji, mwangaza wake huyachoma macho yasiyofunikwa hata mtu asione njia.

Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, na wakati wa mvua za vuli mwezi wa Novemba, theluji huanguka zaidi, na njia ya jana haionekani leo. Hata wakati wa kiangazi asubuhi huwa safi, lakini baadaye mawingu hupanda na kuufunika mlima. Kwa hiyo wapandao huanza safari ya kileleni usiku wa manane, wapate kufika kunapopambazuka na kushuka mapema. Aendaye polepole, akavaa nguo kavu za sufu, akakubali kurudi dalili mbaya zikimpata, huyo hurudi nyumbani. Watu wa Rungua hawakuwa na nguo hizo, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia mambo haya. Hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walitumwa mahali pasipojulikana na mtu aliyetamani fedha.

Rebmann alirudi Uchaga mara mbili tena. Safari ya pili, iliyoanza Novemba 1848, ilimfikisha Machame, na Mangi Mamkinga, mwana wa Rungua, akampokea vizuri. Aliporudi mwezi wa Aprili 1849, alikusudia kupita hapo kwenda mbali mpaka Unyamwezi. Lakini Mamkinga akamnyang'anya mali zake zote alizozichukua kwa ajili ya njia. Ikambidi arudi Rabai mikono mitupu, mgonjwa, katika mvua ya masika.

Wakati huo huo habari zake zilikuwa zimechapishwa London katika gazeti la CMS, mwezi wa Mei 1849. Mtaalamu mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, akasimama kuzipinga. Huyu hakupata kuikanyaga Afrika Mashariki, lakini alikuwa amesoma vitabu vingi. Akaandika kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba macho ya mmisionari huyu ni mabovu. Wengine wakadhani ni miamba meupe ing'aayo juani. Krapf naye mwezi wa Novemba 1849 akauona mlima akiwa njiani kwenda Ukambani, na tarehe 3 Desemba mwaka ule akaona kutoka Kitui mlima wa pili wenye theluji, ndio Kenya. Hata hivyo Cooley hakugeuka. Mwaka 1852 akatoa kitabu, akakaza maneno yake yale yale.

Rebmann afanye nini? Hakurudi Ulaya kwenda kubishana. Alikuwa amekwisha kusema aliyoyaona, na mlima ulikuwa pale pale kwa yeyote atakayekuja kuutazama. Akaendelea na kazi yake.

Mwaka 1861 akaja Baron Carl Claus von der Decken, naye aliupanda mlima kwa sehemu pamoja na Richard Thornton. Mwaka 1862 akarudi pamoja na Otto Kersten, wakafika kimo kinachopita mita 4,000, na theluji ikawaangukia wao wenyewe. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Wamethodisti, akafika mpaka wa theluji akaishika kwa mikono yake. Na tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Hivyo neno la mtu mwenye mwavuli likathibitishwa na watu wenye vipimo. Lakini mwenyewe alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na mitatu kabla ya kilele kufikiwa.

Maana maisha yake ya Rabai yalikuwa ya taabu. Mwaka 1851 alioa huko Misri. Mtoto wao alikufa angali mchanga, na mwaka 1866 mkewe pia akafa, akazikwa Rabai. Krapf alikuwa amekwisha kurudi Ulaya kwa sababu ya afya yake. Rebmann akabaki. Wabatizwa walikuwa wachache sana. Siku zake nyingi alizitumia kwa lugha. Kutoka kwa Salimini, mtumwa aliyeletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, akajifunza lugha ya nchi ile, akakusanya kamusi iliyochapishwa mwaka 1877, yeye mwenyewe asiione. Na ramani aliyoichora pamoja na Jakob Erhardt, ikionyesha ziwa kubwa katika bara, ijapokuwa haikuwa sahihi kwa umbo, iliwafanya Waingereza wamtume Burton na Speke kuyatafuta maziwa yetu mwaka 1857.

Kisha macho yake yakaharibika, mpaka akawa kipofu. Yale macho ambayo Cooley aliyadharau wakati yalipoona sawasawa, sasa yalifunga kweli. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 pasipo kuiona nchi ya kwao hata mara moja, akaondoka Rabai akiongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, aliyesafiri naye hadi Ulaya. Mtu aliyewaongoza wengine kuuona mlima alirudi kwao ameshikwa mkono na mwana wa Afrika. Akakaa Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa, akafa huko tarehe 4 Oktoba 1876.

Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Uchaga, wakaanza kazi yao Machame, katika nchi ile ile ambayo Rebmann alitoka akilia, amenyang'anywa kila kitu. Leo kuna sharika nyingi miguuni pa mlima ule, na Injili imevuka nyika ikafika mpaka huku kwetu. Lakini theluji yenyewe yapungua. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa juu ya Kilimanjaro imekwisha kutoweka. Yamkini wajukuu wetu watasikia ya kwamba mlima ule ulikuwa mweupe, nao watauliza kama ni kweli. Watajibiwa kwa habari za waliouona.

Ndugu walimu na wainjilisti, nanyi mmewekwa kuwa mashahidi. Mtasema yaliyo kweli, na wengine waliosoma kuwapita ninyi watacheka. Msiongeze neno ili msadikiwe, wala msipunguze neno ili mpendwe. Tena msimdharau mtu wa kijijini asemaye kwa neno moja tu, kama Bwana Kheri, maana huenda katika neno lile moja mna ukweli ambao vitabu havijaupata. Semeni mliyoyaona na kuyapokea, kisha mrudi kazini.