Herzekiah Shanu, mpiga foto wa Boma aliyeanika siri za Leopold

Kabla Likasi haijakuwa mji, na kabla urani ya Shinkolobwe haijavumbuliwa mwaka 1915, Boma ndiyo ilikuwa mji mkuu wa Kongo. Ilianza kuwa mji mkuu mwaka 1886, wakati nchi nzima ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Kati ya watu wa kwanza kupiga foto za mji ule kulikuwa mwafrika: Herzekiah Andrew Shanu.

Alizaliwa mwaka 1858 upande wa Lagos, akasoma kwa wamisionari, kiisha akakuwa mwalimu. Mwaka 1884 aliingia Kongo. Kule Boma alifanya kazi ya karani na mtafsiri, akapanda mpaka kuwa msaidizi wa komiseri wa wilaya. Kwa mtu mweusi wa wakati ule, haikukuwa jambo dogo.

Mwaka 1893 aliacha kazi ya serikali, akafungua biashara zake mwenyewe: magazini, ushonaji, ufuaji wa nguo, na foto. Boma ilikuwa inakua, na foto zake zilitoka katika gazeti la Ubelgiji, Le Congo illustré. Gazeti lile lilitaka watu wa Ulaya waone Kongo kama nchi inayoendelea vizuri. Mwaka 1900, askari walipoasi Boma, Shanu alisaidia serikali, nayo ikamshukuru.

Lakini Shanu alijua pia mambo ambayo foto za mji hazikuonyesha. Mwaka 1903 alimpa Roger Casement, konsuli wa Uingereza, habari za mateso ya wafanyakazi waliotoka Afrika ya Magharibi. Kiisha akaanza kumtumia makaratasi kwa siri E. D. Morel, aliyekuwa anapigana na utawala wa Leopold kutoka Uingereza. Ndani yake kulikuwa habari za kesi ya Caudron, ajenti wa kampuni aliyehukumiwa kwa mauaji.

Siri ikatoboka. Wafanyakazi wa serikali wakakatazwa kununua kwake. Biashara ikaanguka, na mwezi wa saba mwaka 1905 Shanu akajiua.

Miaka 3 baadaye, Leopold aliondolewa Kongo, nchi ikakuwa koloni ya Ubelgiji. Shanu hakuiona siku ile. Foto zake za Boma zimebaki, lakini makaratasi aliyotuma kwa siri ndiyo yalimuondolea mali na uhai.