Sayyid Said: Alianza na jambia, akamalizia na karafuu

Katika makumbusho ya Peabody Essex, mjini Salem, jimbo la Massachusetts kule Marekani, kuna picha mbili za kuchorwa za wanaume wenye vilemba. Moja ni ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, iliyochorwa na mzungu aitwaye Lynch. Nyingine ni ya Ahmad bin Na'aman, mtu wake wa mkono, iliyochorwa kwa rangi za mafuta na Edward Mooney mjini New York mwaka wa 1840. Bosi na mjumbe wake, wote wamefika Salem, mji mdogo wa mabaharia ambao hata Wamarekani wengi wangekuuliza uko wapi.

Najua unachofikiria. Hiyo ni stori ya Pwani, sisi huku Isiolo inatuhusu nini? Subiri kidogo. Tutafika hadi Mlima Kenya, ule unaouona asubuhi ukitoka Bulla Pesa kama mawingu yamekubali.

Tuanze na kijana. Said alizaliwa Oman mnamo 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa katika mapigano ya baharini mwaka wa 1804, akaacha watoto wadogo na kiti chenye watu wengi wanaokitamani. Binamu yao mtu mzima, Badr bin Saif, akajitokeza kuwa mlinzi wa vijana hao. Unajua aina hiyo ya mlinzi: anakuja msibani kusaidia kushika mali ya marehemu, mwaka wa pili anaitwa mwenye mali. Badr alikuwa na nguvu za Mawahabi nyuma yake, na familia ikaanza kuona kiti kinaenda kabisa.

Mwaka wa 1806, karibu na Barka, Said alimchoma Badr kwa jambia lake mwenyewe. Alikuwa na umri wa takriban miaka 15. Kwa hesabu ya leo ni mtoto wa Gredi ya 9. Waliompenda walisema ameokoa urithi wa babake, na waliomchukia walisema ni mauaji ya ndugu. Kwangu mimi yote mawili ni kweli, na hakuna haja ya kumsafisha.

Ila hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwa shangazi yake, Bi Moza bint Ahmad, mwanamke ambaye angestahili makala yake mwenyewe. Salme, binti wa Said aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1886, anasimulia kwamba shangazi huyo alishika nchi mvulana alipokuwa bado mdogo, na wakati wa vita alikuwa akivaa nguo za kiume usiku na kuzunguka kukagua walinzi kama wamelala. Kwa hiyo ukisikia kijana alishika nchi, kumbuka kuna mama wa makamo aliyekuwa macho.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita tu. Mnamo 1820 alienda pamoja na Waingereza kupigana na kabila la Bani Bu Ali, na wakachapwa vibaya. Katika kukimbia huko, Said alipigwa risasi ya mkono akijaribu kumwokoa askari mmoja wa mizinga wa Kiingereza. Kampuni ya East India ikamtunuku upanga kwa ushujaa wake. Hebu fikiria: vita umeshindwa, lakini umerudi na zawadi na rafiki mwenye nguvu kuliko adui aliyekushinda. Nadhani hapo ndipo Said alipoanza kuelewa kitu fulani kuhusu dunia.

Maana ukweli ni kwamba kwa upande wa vita, jamaa alikuwa wa kawaida. Angalia Mombasa. Mji huo ulikuwa mikononi mwa Mazrui, familia iliyokuwa imekataa kabisa kutii Maskati. Kati ya 1824 na 1826 waliweza hata kumshawishi Kapteni Owen wa Uingereza awapandishie bendera yake. Said alikuja mwaka wa 1828 na meli za kivita, moja wapo ikiwa Liverpool yenye mizinga zaidi ya 70, akaingia Fort Jesus kwa makubaliano, akaacha askari wa Kibulushi ndani, akaondoka. Alipogeuka tu, Mazrui wakaizingira ngome hadi njaa ikawatoa wale askari. Akarudi tena mwishoni mwa 1829. Hakufua dafu. Akarudi 1833. Vilevile. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa upande wa mji wake wakati huo, na tungo zake ziliwachemsha watu dhidi ya Maskati. Kama uliwahi kudhani kwamba ugomvi wa mashairi kati ya wasanii ulianzia kwenye simu, pole.

Katikati ya vita hivyo alijaribu njia nyingine. Alimposa Malkia Ranavalona wa Bukini, yaani Madagascar, na pamoja na posa akaomba askari 2,000 wa kumsaidia kuichukua Mombasa. Malkia akajibu kwa heshima kwamba mila haimruhusu yeye kuolewa, labda apewe binti mwingine wa kifalme, na kwamba askari wapo. Kisha akaagiza mkufu wa marijani. Harusi haikuwahi kuwa.

Mombasa aliipata 1837, lakini si kwa mizinga. Mazrui walikuwa wamegombana wao kwa wao baada ya kiongozi wao kufariki miaka miwili kabla, na Said akaingia kwenye ufa huo. Baadaye wakubwa wa ukoo walikamatwa kwa hila na kupelekwa Bandar Abbas, pwani ya Uajemi, wakafia huko. Hakuna picha ya rangi inayoonyesha jambo hilo.

Na Siyu, kule kisiwa cha Pate, hakuipata kabisa. Bwana Mataka wa Siyu alimkatalia, na Said alipotuma jeshi miaka ya 1840, jemadari wake mkubwa aliuawa pale na jeshi likarudi mkia katikati ya miguu. Mji mdogo wa mafundi na wapiganaji dhidi ya mwenye meli za kivita. Watu wa Lamu wanaosoma hapa, najua mmetabasamu.

Sasa ndio tufike kwa yule mwingine, Said wa pili, ambaye ndiye aliyebadilisha ukanda huu.

Alipofika Zanzibar mara ya kwanza mwaka wa 1828 aliona kile ambacho Maskati haikuwa nacho: maji matamu, udongo, mvua, na bandari iliyoangalia bara zima. Akajenga jumba lake Mtoni, kando ya bahari, na polepole akahamisha makao yake huko, hadi kufikia 1840 Zanzibar ndiyo ikawa nyumbani na Oman ikawa ya kutembelewa. Mtawala wa Kiarabu kuhamisha kiti chake na kukileta Afrika Mashariki halikuwa jambo dogo. Ni kama mwenye duka kubwa la Eastleigh afunge na kuhamia Merti kwa sababu ameona kitu ambacho wenzake hawajaona.

Alichoona ni karafuu. Miche ilikuwa imeshaletwa kisiwani kabla yake na tajiri mmoja wa Kiarabu, lakini Said ndiye aliyelazimisha. Amri inayosimuliwa ni kwamba kila mnazi mmoja, mwenye shamba apande mikarafuu mitatu, la sivyo shamba linachukuliwa. Mwenyewe alikuwa na mashamba 45. Kabla hajafa, Zanzibar na Pemba zilikuwa zinatawala soko la karafuu duniani.

Forodha aliikodisha kwa kampuni ya Mhindi, Jairam Shivji. Yaani wewe Jairam nilipe kiasi fulani kila mwaka, ukikusanya zaidi ni yako. Ushuru wa bidhaa kutoka nje ukawa asilimia 5. Mwenye akili ya biashara ataona mara moja: mtawala hana karani wa kumlipa, hana hesabu ya kufukuzana nayo, na pesa inaingia hata akiwa amelala. Kwa mtu aliyepigana na Mombasa kwa karibu miaka 10, hii ilikuwa njia nyepesi mno.

Lakini nani alichuma hizo karafuu? Watumwa. Waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa, wakauzwa Zanzibar. Mwaka wa 1822 Said alikubali Waingereza wamzuie kuuza watu kwa mataifa ya Kikristo. Mwaka wa 1845 akatia sahihi mkataba mwingine na balozi Hamerton, wa kuzuia watumwa wasipelekwe Arabuni kuanzia 1847. Watu humsifu kwa mikataba hiyo. Mimi sioni sifa kubwa. Alikuwa anakata tawi moja ili shina libaki: biashara ya ndani, kutoka bara hadi Zanzibar, iliendelea, na soko la watumwa pale mjini lilifungwa 1873, wakati wa mwanawe Barghash. Utajiri ulionunua meli, farasi na lulu za zawadi ulitoka kwenye migongo hiyo. Ukiitazama picha ya Salem, weka hao watu pembeni ya fremu.

Salem yenyewe iliingiaje? Mnamo 1833 Said alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, kabla ya Uingereza (1839) na Ufaransa (1844). Wafanyabiashara wa Salem ndio waliokuwa wamejaa Zanzibar, na balozi wa kwanza wa Marekani pale, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa kijana wa huko huko. Walileta pamba iliyofumwa Massachusetts, wakaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Ile nguo nyeupe nzito ambayo nyanya zetu waliiita merikani, sasa unajua jina lilitoka wapi.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililotupa ile picha ya pili. Mwaka wa 1840 alituma meli yake mwenyewe, Sultana, hadi New York, na Ahmad bin Na'aman akiwa mjumbe. Walitia nanga mwisho wa Aprili. Mji mzima ulitoka kuwaangalia. Ndani ya meli kulikuwa na tende, kahawa, karafuu, pembe, na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili, lulu, upanga, shali. Tatizo ni kwamba katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi za wafalme bila idhini ya Bunge. Ikawa mjadala. Mwishowe zawadi zikachukuliwa kuwa mali ya serikali, na farasi wakapigwa mnada. Kwa upande wao, Wamarekani waliikarabati Sultana bila malipo, na ndipo Mooney akamchora Ahmad. Van Buren amesahaulika hata kwao. Ahmad bado anatazama watu pale ukutani.

Turudi kwetu. Mwaka wa 1844 alifika Zanzibar mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf, na Said akampa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani. Barua ya mtawala wakati huo ilikuwa pasipoti. Krapf akakaa Rabai, akajifunza Kiswahili, akaandika sarufi yake, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, akauona mlima wenye theluji na kuandika jina alilolisikia kwa wenyeji. Jina hilo ndilo lililoko kwenye kitambulisho chako.

Na lugha unayoisoma sasa hivi? Soko la mifugo Isiolo, Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru wanabishana bei ya mbuzi kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilipanda bara na misafara ya pembe iliyofadhiliwa na pesa za Zanzibar. Chanler, Mmarekani, alipofuata Ewaso Nyiro hadi kinamasi cha Lorian mnamo 1892 na 1893, waliobeba mizigo yake walikuwa Wazanzibari. Said mwenyewe hakupanga hilo hata kidogo. Salme anasema kwamba mbele ya baba yake Kiarabu ndicho kilichokubalika, ila akigeuza mgongo tu, jumba zima la Mtoni lilirudi kwenye lugha zake, Kiswahili kikiwemo. Anasema pia alikuwa akitembea barazani akiwa ameinamisha kichwa, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi ya zamani. Huyo ndiye Said ninayempenda kidogo.

Alifia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, ndani ya meli Victoria, akirudi kutoka Maskati, karibu na Shelisheli. Barghash alikuwa naye melini. Usiku huo huo wa kufika aliushusha mwili akauzike kimya kimya, akitumaini kukamata nchi kabla ndugu zake hawajaamka. Haikufaulu. Majid akapata Zanzibar, Thuwaini akapata Oman, na mwaka wa 1861 Waingereza wakaamua Zanzibar iilipe Maskati dola 40,000 kila mwaka. Familia iliyoanza na jambia ikaishia kwa msuluhishi wa kigeni.

Bendera nyekundu ya ukoo wake iliendelea kupepea Fort Jesus wakati wote wa mkoloni, kwa sababu ule ukanda wa maili 10 wa pwani ulikodishwa tu. Mapema miaka ya 1960 tume zilizunguka: moja kuuliza Mwambao uende wapi, nyingine kuuliza sisi wa NFD twende wapi. Suala la Mwambao lilimalizwa kwa mkataba wa Oktoba 1963, na bendera ikateremshwa. La huku kwetu halikumalizwa kwa karatasi. Wakati mkataba huo unatiwa sahihi, DC wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, alikuwa ameshauawa tangu Juni.